Beki haonekani: kazi, umri na kontra, toka Bwanga mpaka Mbemba

Kijana wa kartiye akianza kucheza mpira vizuri, swali la watu ni moja tu: ataenda Ulaya lini? Kama ni mtu wa kushota magoli, jibu linakuwa rahisi kidogo, maana goli linahesabika. Unasema tu "huyu ametia ishirini msimu huu", iwe Goma, Lubumbashi ao Kisangani, kila mtu anaelewa. Lakini kama ni beki? Utahesabu nini? Mipira ambayo haikufika kwa golikipa? Pasi ambayo mpinzani hakuipiga juu aliona njia imefungwa?

Bandugu, leo tuongee juu ya beki, na si kwa kumsifu tu. Tumuangalie kama mtu anayetumika: anaingia mu kazi namna gani, nani anamlipa, nani anapata faida juu yake, na mambo yanamalizika vipi. Tutapitia kwa watu watatu wa kwetu: Bwanga Tshimen, Joël Kimwaki na Chancel Mbemba. Wa tatu njo nitakaa naye sana.

Tuanze na kazi yenyewe. Beki wa kati anatumika na macho mbele ya kutumika na miguu. Mshambuliaji anaweza kupotea dakika 80, halafu mu dakika moja akashota, na kesho yake jina liko ku redio. Beki yeye ni kinyume: anaweza kufanya kila kitu vizuri dakika 89, akalala sekunde mbili, na watu wote watakumbuka zile sekunde mbili. Mwendo wake wote ni wa kuhesabu. Niko wapi? Mwenzangu wa pembeni iko wapi? Mstari wetu umenyooka ao kuna mmoja amebaki nyuma na kuharibu mtego wa kuotea? Mkimbiaji wa mbio sana anaweza kushindwa hii kazi, na mtu wa mbio za kawaida akaifanya miaka kumi na tano, kama anajua kufika mbele ya mpira kufika.

Tena sheria zimeibadilisha. Toka mwaka wa 1992, golikipa hana ruhusa ya kushika na mikono mpira ambao mwenzake amemrudishia na mguu kwa kusudi. Zamani beki akibanwa alirudisha nyuma, golikipa anaudaka, watu wanapumua. Ile mlango ilifungwa. Halafu mu 2019, wakakubali beki apokee mpira wa golikipa ndani ya boksi, kumbe wapinzani nao wanakuja kumbana palepale mlangoni mwa nyumba. Beki wa leo anaombwa kupiga pasi kama kiungo. Ule wa kupiga tu mbali, "toa! toa!", makocha wakubwa hawamtafuti tena.

Kwa sababu ni kazi ya kusoma mchezo, beki anakomaa polepole. Si ajabu kuona beki wa kati wa miaka 33 ao 34 akiwa bado nguzo ya ekipe, wakati winga wa umri ule anahesabu siku. Shida ni kwamba wanunuzi wa wachezaji hawana subira ya kungoja mtu akomae. Wananunua umri. Na kwa mtu ambaye hana magoli ya kuonesha, karatasi zake njo zinaongea: alizaliwa mwaka gani, amesajiliwa wapi, kontra yake inaisha lini.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa wazee wetu.

Mwaka wa 1973, mchezaji bora wa Afrika alikuwa beki. Ni Bwanga Tshimen, wa Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, ile ambayo leo tunaita TP Mazembe. Tuzo ilitolewa na gazeti la Kifaransa, France Football. Klabu ile ilikuwa imeshinda kombe la klabu bingwa za Afrika mu 1967 na 1968. Mu 1974 Zaïre ikachukua Kombe la Afrika kule Misri, na mwaka uleule ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani Magharibi.

Jiulize: leo beki bora wa Afrika angekuwa wapi? Munich, Paris, Madrid. Bwanga alibaki nyumbani. Siasa ya Mobutu ilikuwa wachezaji wasitoke kwenda kutafuta mpira wa kulipwa ng'ambo. Hata wale waliokuwa Ubelgiji walirudishwa mu miaka ya 60. Watu wengine wanaitetea ile siasa, eti njo ilijenga ekipe ya 1974. Inawezekana. Lakini gharama yake ililipwa na wachezaji. Mtu mwenye ujuzi wa kiwango cha dunia alikuwa na mnunuzi mmoja tu: serikali yake. Na mnunuzi akiwa mmoja, bei anaipanga yeye.

Kule Ujerumani tuliona ilifika wapi. Zaïre ilipigwa 2-0 na Scotland. Mbele ya mechi ya pili wachezaji wakajua kwamba makuta ya posho hawatayaona, wakataka kukataa kucheza. Mwisho wakaingia uwanjani, wakapigwa 9-0 na Yugoslavia. Halafu Brazil, 3-0. Mu ile mechi ya mwisho njo beki mwingine wa Lubumbashi, Mwepu Ilunga, alitoka mu ukuta na kupiga mpira wa faulo ambao Brazil walikuwa wanajipanga kuupiga. Dunia ilicheka miaka na miaka: eti Waafrika hawajui sheria. Mwepu mwenyewe baadaye alieleza kwamba sheria aliijua vizuri, na alifanya vile kwa kusudi, juu ya hasira ya kutolipwa. Alikufa mu 2015. Mimi ile video siichekeki tena. Ninaona mtumikaji anayegoma na kitu kimoja tu alichokuwa nacho karibu, yaani mpira.

Joël Kimwaki yeye ni wa wakati wetu. Huyu mlango ulikuwa wazi, lakini jina lake alilijengea hapa nyumbani, Mazembe. Alikuwa mu ile ekipe ya Desemba 2010, iliyopiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la klabu. Kule Inter ya Italia ikatupiga 3-0. Mu CAN 2015, siku ile ya Bata tulipokuwa nyuma 2-0 mbele ya majirani wa Brazzaville na kumaliza 4-2, goli la tatu, lile la kutupitisha mbele, ni lake. Beki. Mwaka wa 2016 njo alikuwa kapiteni wa ekipe iliyochukua CHAN kule Kigali. Kimwaki iliwezekana juu wakati ule Mazembe ilikuwa na uwezo wa kulipa na kucheza kila mwaka kwenye mashindano makubwa. Beki anaweza kuishi vizuri bila Ulaya, kama klabu ya nyumbani iko na mishahara inayofika ku tarehe. Klabu za namna ile kwetu tunazihesabu na vidole.

Na sasa, Mbemba.

Chancel Mbemba Mangulu alizaliwa Kinshasa. Karatasi zake zinasema 8 Agosti 1994. Ninasema "karatasi zake" kwa makusudi, juu alipofika Ubelgiji, kwa Anderlecht, tarehe zaidi ya moja zilikutwa kwenye maandishi ya kumsajili. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana, FIFA ikafungua uchunguzi. Kijana alikuwa na kipaji mbele ya macho ya makocha wake, lakini mu ofisi swali lilikuwa lingine kabisa. Kazi yake mu ekipe ya kwanza ya Anderlecht ilianza kwa kweli mu msimu wa 2013-2014, na msimu uleule wakachukua ubingwa wa Ubelgiji.

Siye tuliosoma hapa Kongo tunaijua hii habari bila kuelezwa sana. Nani kati yetu hajaona jina lake limeandikwa namna mbili, moja ku kadi ya kupiga kura na ingine ku diplome? Mtoto anazaliwa, tarehe inaandikwa baada ya miaka, mara na mjomba, mara na sekretere wa masomo. Ku mpira pia kuna watu wanaopunguza miaka kwa makusudi, tusijidanganye. Njo maana toka 2009 FIFA inapima mifupa ya mkono kwa mashine mu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Lakini mashine ile haitofautishi mwongo na mtoto ambaye nyumbani hakuna mtu aliyeandika siku aliyozaliwa.

Linganisha na Axel Tuanzebe. Naye ni beki, alizaliwa Bunia mu 1997, familia ikaenda Uingereza akiwa mtoto mdogo sana. Manchester United ilimuchukua akiwa na miaka minane. Toka siku ile kila msimu wake umeandikwa: wapi, na nani, miaka mingapi. Alichezea timu za vijana za Uingereza, baadaye akachagua Kongo. Uwanjani amesimama mstari mmoja na Mbemba. Mu makaratasi walianzia mbali sana.

Na hii habari ya kusajili watoto si ya heshima tu. Kuna makuta ndani yake, na fasi hii ninaomba tusome polepole.

FIFA iko na sheria ambayo watu wanaita ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa toka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi ingine wakati kontra yake bado inaendelea, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea toka msimu wa miaka 12 mpaka ule wa miaka 23. Kwa misimu minne ya kwanza, klabu inapata asilimia 0.25 ya bei kwa kila msimu. Kwa ile minane inayofuata, 0.5 kwa kila msimu. Tufanye hesabu: beki anauzwa dolari milioni 10. Kama klabu ya kartiye yenu ilimlea misimu mitatu, akiwa na miaka 16, 17 na 18, sehemu yake ni asilimia 1.5, yaani dolari 150,000. Na si mara moja tu. Akiuzwa tena kwa namna ile, klabu inapata tena.

Lakini lazima klabu iwe imemsajili. Jina, tarehe, msimu. Kuanzia Novemba 2022 FIFA imeweka ofisi maalum ambamo yale malipo yanapitia, na inasoma kile ambacho shirikisho la mpira la nchi limeandika. Kocha aliyenunua viatu vya mtoto na franga zake mwenyewe, akamlisha, akamlipia basi, kama hakumsajili, kwa ile mashine hakuishi. Ninafikiri huu ni upotevu mkubwa kuliko wa goli lolote ambalo Léopards walikosa.

Tuendelee na Mbemba. Novemba 2014, mu Ligi ya Mabingwa, Anderlecht inapiga Galatasaray 2-0, na magoli yote mawili ni yake. 2015 anaenda Newcastle. Mwaka wa kwanza wanashuka daraja, wa pili wanapanda, halafu dakika zake zinapungua, anakaa benchi. Wengi wangeishia pale. Mu 2018 akaenda Porto, Ureno, na kule njo tulimuona Mbemba kamili: ubingwa wa nchi mara mbili, 2020 na 2022, na Kombe la Ureno miaka ileile. Finali ya kombe la 2020, mbele ya Benfica, Porto walibaki watu kumi kipindi cha kwanza. Wakashinda 2-1. Yote mawili ameyatia beki wetu.

Mu 2022 kontra ya Porto ikaisha. Fasi hii njo inaonesha karatasi inaweza kukusaidia namna gani. Toka hukumu ya Bosman, ile ya Desemba 1995 ku mahakama ya Ulaya, mchezaji ambaye kontra yake imeisha anaondoka bila klabu mpya kulipa klabu ya zamani bei ya kumnunua. Ile bei ambayo haikulipwa, sehemu yake mara nyingi inaingia mu mshahara wa mchezaji mwenyewe. Mbemba akaenda Marseille hivyo, huru, kwa miaka mitatu. Lakini ona upande mwingine: bila bei hakuna asilimia 5. Uhuru wa mchezaji haukuleta hata franga moja ya mshikamano kwa wale waliomlea. Sheria mbili nzuri, na moja inakula ingine. Sijaona mtu aliyepata dawa yake.

Miaka miwili Marseille alicheza sana. Mei 2024 alishota mbele ya Atalanta mu nusu finali ya Europa League. Halafu, kati ya mwaka ule, klabu ikabadilisha kocha na mipango, ikataka aondoke. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Uelewe hesabu ya klabu: leo bado tunaweza kumuuza, mwaka kesho anaondoka bure. Uelewe na hesabu yake yeye: mimi niko na kontra, mliitia sahihi, ninabaki. Hawakuelewana. Akawekwa kando ya kundi la kwanza. Wafaransa wachezaji wa namna ile wanawaita watu wa "loft", yaani chumba cha juu chini ya paa, kule vitu visivyotumika vinatupwa. Msimu mzima wa 2024-2025 hakucheza mechi hata moja ya Marseille.

Watu walibishana sana, hata kwetu mu ligablo na mu basi. Wengine walisema ni kiburi, angetafuta fasi ingine mapema, mwaka mmoja wa beki mwenye miaka 30 ni mali kubwa. Hoja hiyo iko na uzito. Lakini mimi sikubali kwamba mtu anayeshikilia kontra yake ni mwenye kiburi. Klabu ikimuchoka mchezaji tunasema ni mipango. Mchezaji akikataa kuhama tunasema ni ukaidi. Wazee wa 1974 hawakuwa na hata ile karatasi ya kukatalia.

Kilichomshika wakati ule ni ekipe ya taifa. Kocha Sébastien Desabre aliendelea kumuita, na aliendelea kuvaa kitambaa cha kapiteni. Na kitambaa kile si cha kupamba. Mu CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024 tulitoka sare mara tatu kwenye kundi, tukaondoa Misri kwa penaliti, halafu Guinea 3-1, ambapo Mbemba njo alisawazisha. Tarehe 7 Februari, Abidjan, nusu finali. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wakafunika mdomo na mkono mmoja, na mkono mwingine wakauweka ku kichwa kama bunduki. Siye wa Mashariki hatukuhitaji mtu atutafsirie. Tulipigwa 1-0 usiku ule, lakini ile picha ilizunguka dunia kuliko matokeo.

Kati ya 2025 kontra ya Marseille ikaisha. Akawa huru tena, akaingia Lille. Mtu ambaye hakucheza klabu msimu mzima, umri umepita 30. Ku karatasi, bei yake ilikuwa imeshuka chini kabisa.

Tarehe 13 Novemba 2025, Rabat, Kongo na Kameruni, mchujo wa Kombe la Dunia. Sufuri kwa sufuri, dakika 90 zimeisha, watu wanajiandaa kwa muda wa ziada. Kona inapigwa, mpira unamkuta Mbemba, goli. Tarehe 16, Nijeria. Wanatangulia mapema, Meschack Elia anasawazisha, 1-1 mpaka penaliti. Penaliti ya mwisho, ile ambayo ikiingia Nijeria inarudi nyumbani, anaenda kuipiga beki. Ikaingia: 4-3, na Kongo ikapita kwenda kwenye mchujo wa mwisho wa mabara.

Siku tatu baadaye, mu mji uleule wa Rabat, Achraf Hakimi wa Moroko akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika. Alikuwa beki wa kwanza kuipata toka Bwanga Tshimen, miaka 52 nyuma.